Kinyama kimegoma kwenye kipimo cha vinasaba: anza kutafuta kosa kwenye kopo

Bahasha ilirudi Alhamisi mchana, wiki tatu baada ya kutuma kinyama cha titi la mama mmoja mwenye saratani. Ndani mlikuwa na karatasi moja: DNA imekatikakatika, kiwango hakitoshi, tumeni sampuli nyingine. Daktari aliyemwandikia mama huyo kipimo akanipigia, na mshtakiwa alishampata. "Kaka, mashine yao hiyo." Nikamwomba anipe dakika kumi, nikaenda kabatini kutoa bloku ya nta iliyobaki. Sikuhitaji hata hadubini. Nyama ndani ya nta ilikuwa imenywea katikati, imeacha kishimo kama cha ukucha uliobonyeza siagi. Mashine haikuwa na kosa. Nyama hiyo ilifika mezani kwetu mbichi.

Nafanya kazi ya patholojia Mbeya, na vinyama vinanifikia kutoka Rungwe, Chunya, Mbarali, Songwe, na mara nyingine Njombe na Makete. Ninayoandika hapa yanawahusu walio mwanzo wa safari: muuguzi wa chumba cha upasuaji, daktari wa wilaya, mteknolojia anayefunga kopo. Maana saratani ya titi ikishafika kwenye kupima vipokezi vya homoni, HER2 (protini inayochochea saratani kukua) au mabadiliko ya jeni, tunakuwa tunapima kile ambacho fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, imetuachia.

Kwa ufupi, fomaldehaidi iliyo ndani ya fomalini inajenga madaraja kati ya protini na protini, na kati ya protini na DNA. Madaraja yakiwa machache mno, vimeng'enya vya seli vinaendelea kuila tishu, na pombe ya kwenye mashine ya kuchakata inakuja kuikaza isivyotakiwa. Yakizidi, DNA inafungwa kiasi kwamba ukiichomoa inakatika. Sisi mezani tunasema tishu "imeiva" au "haijaiva", na inaweza pia "kuungua". Mwongozo wa ASCO na CAP, vyama vya Marekani vya madaktari wa saratani na wanapatholojia, ambao maabara nyingi duniani zinaufuata kwa titi, unataka fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi za kuizuia isigeuke asidi), kwa saa 6 hadi 72, na tishu iingie humo ndani ya saa 1 tangu itoke mwilini. Kwa HER2, mwongozo wa 2007 ulikuwa unaishia saa 48. Ukasogezwa hadi 72 mwaka 2013.

Dalili: pembeni pamechukua rangi, katikati peupe

Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: titi zima limetumbukizwa bila kupasuliwa.

Nikupe mfano mmoja. Asubuhi moja kondakta wa basi la kutoka Njombe aliniita getini. "Kamwene, kaka, mzigo wako huu." Mzigo wenyewe ulikuwa dumu la mafuta ya kula la lita tatu, mdomo mwembamba, limefungwa kwa mfuko wa nailoni. Ndani yake titi. Lilipita mdomoni likiwa laini, sasa lilikuwa gumu na halitoki, ikabidi tulikate dumu kwa msumeno. Fomalini yenyewe ilifika nusu ya nyama tu. Nilipopasua, ukingo wa nje, kama sentimita moja hivi, ulikuwa wa kijivu na mgumu kama maini yaliyochemshwa. Kuanzia hapo kuingia ndani, rangi ya waridi, utelezi, na harufu ambayo hata fomalini haikuweza kuifunika. Uvimbe ulikuwa katikati kabisa. Siku mbili zilikuwa zimeshapita.

Fomalini hupenya kama milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha mwendo wake unazidi kuwa mzito kadiri inavyoingia ndani. Titi nalo ni mafuta matupu, na mafuta hayaipishi. Kwa hiyo saa 48 zinazosomeka kwenye fomu ni za ngozi tu. Uvimbe wenyewe huenda haujaona hata saa moja.

Dawa yake: kabla ya kutumbukiza, titi lipasuliwe vipande vya unene wa milimita 5 hadi 10 kupitia uvimbe, vikiwa bado vimeshikana upande mmoja, kama mkate uliokatwa usitenganishwe. Katikati ya vipande tia gozi (shashi) au karatasi ili fomalini ipite. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama, na kopo liwe na mdomo mpana. Hapo madaktari wa upasuaji hunikatalia: "Ukipasua utaniharibia kingo." Wana haki. Ndiyo maana uzi uwekwe kwanza, mfupi juu na mrefu upande wa nje, na upasuaji wa vipande uanzie nyuma, pasipoguswa ukingo wanaoutaka. Kama hapo wilayani hakuna aliyefundishwa, ni heri titi lisafiri kwenye ubaridi wa friji, si kuganda, na lifike saa hiyohiyo, kuliko kulala ndani ya ndoo. Kwa Tukuyu hilo linawezekana. Kwa Makete haliwezekani. Huko mtu afundishwe kupasua.

Na bloku ikishatengenezwa hivyo? Usiirudishe fomalini ukitegemea itaiva upya. Soma pembeni peke yake, na uandike kwenye majibu kwamba umesoma pembeni. Ukiwa na bloku nyingine ya uvimbe huohuo, jaribu ile iliyotoka karibu na juu.

Dalili: vipokezi vya estrojeni hasi, na mirija mizima nayo hasi

Ukisoma slaidi ya estrojeni, usianzie kwenye saratani. Tafuta kwanza mirija ya kawaida ya titi iliyobaki pembeni. Hiyo kwa kawaida ina seli zinazochukua rangi, hapa na pale. Ikiwa nayo imekaa kimya, slaidi hiyo haijakupa jibu la "hasi". Haijakupa jibu lolote. Mama anayeandikiwa hasi kwa slaidi ya namna hii ananyimwa tamoxifen, dawa ya kuzuia estrojeni, ambayo pengine ingemfaa kwa miaka, na hakuna bahasha itakayorudi kulalamika. Mimi jibu la uongo naliogopa kuliko jibu lililokataa.

Sababu zipo tatu ambazo nazikagua kwa mpangilio huu.

Kwanza, muda mfupi kwenye fomalini. Hapa kosa linafanyika zaidi kwa vile vinyama vidogo vya sindano, maana watu wanasema "kadogo haka, baada ya saa mbili kameiva." Fomalini kweli imepenya, lakini kupenya ni jambo moja na kujenga madaraja ni jingine. Madaraja yanataka saa, hata nyama iwe nyembamba kama uzi. Saa 6 ni za kinyama cha sindano pia.

Pili, kuchelewa kabla ya fomalini. Kinyama kimekaa kwenye gozi kavu au ndani ya maji ya chumvi wakati wanatafuta kopo. RNA, nakala ya jeni ambayo seli inaifanyia kazi, ndiyo inayotangulia kuharibika, protini za vipokezi zinafuata.

Tatu, na hili sijaliona likiandikwa kwenye kijitabu chochote cha vikasha vya vitendanishi tunavyonunua: urefu wa mahali tulipo. Ili kingamwili ione kipokezi, slaidi inachemshwa kwanza kwenye bafa ili kufungua baadhi ya madaraja ya fomalini. Kijitabu kinasema nyuzi 95 hadi 99. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe yanachemka chini kidogo ya nyuzi hizo. Unaweza kuchochea moto unavyotaka, sufuria iliyo wazi haitapita kiwango hicho. Itifaki iliyofanya kazi vizuri Dar es Salaam ikipandishwa Kitonga inapoteza nyuzi kadhaa, na tishu iliyokaa muda mrefu kwenye fomalini ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu ina madaraja mengi ya kufungua. Tumia sufuria ya presha. Kama huna, ongeza muda wa kuchemsha, lakini upime muda huo mpya kwa tishu ambayo majibu yake unayajua tayari.

Jambo dogo la kukumbuka hapohapo: slaidi zilizokatwa zikakaa zaidi ya wiki 6 zinafifisha vipokezi zenyewe. Kata mpya.

Dalili: DNA haitoki, au inatoka vipandevipande

Kabla hujaamini kwamba haitoki, uliza imepimwaje. Kifaa kinachopima kwa mwanga kupita kwenye tone huhesabu kila kitu, hata RNA na mabaki ya kemikali, kikakupa namba nzuri ya kufurahisha. Kile cha rangi inayong'aa ikishika DNA yenye nyuzi mbili kinakupa namba ndogo, na hiyo ndogo ndiyo ya kweli. Namba mbili zikipishana sana, DNA yako imeharibika.

Sasa chanzo. Itazame fomalini yako, kisha ichovye karatasi ya pH.

Fomalini isiyo na bafa, ile ya kuchanganya na maji ya bomba tu, inageuka kuwa asidi kadiri inavyokaa, na asidi inaikata DNA. Kwenye hadubini utaona alama yake: chembechembe za kahawia nyeusi, zimejikusanya mahali penye damu. Ukiziona, usihangaike kumlaumu aliyechomoa DNA. Bafa si kitu cha gharama. Kwa lita moja: fomaldehaidi ya dukani, ile ya asilimia 37 hadi 40, mililita 100, maji yaliyochujwa au kukenekwa mililita 900, sodiamu fosfeti ya haidrojeni mbili, yenye molekuli moja ya maji, gramu 4, sodiamu fosfeti ya haidrojeni moja, kavu, gramu 6.5. Karatasi ya pH isome karibu na 7. Andika tarehe kwenye chupa.

Angalia pia hesabu. "Asilimia 10" ni asilimia 10 ya hiyo fomalini ya dukani, kwa hiyo fomaldehaidi halisi ni kama asilimia 4. Nimewahi kukuta mtu mwangalifu kabisa akichukua fomalini iliyokwisha kuchanganywa kuwa asilimia 10 na kuichanganya tena moja kwa tisa. Ilikuwa haina harufu hata kidogo, na wote pale chumbani walikuwa wanaisifu kwa hilo.

Na kipo kisa cha Juni na Julai. Ukanda wetu ukipigwa na baridi, hasa Makete na Njombe kunakodondoka sakitu, chupa ya fomaldehaidi kali ikiwekwa stoo isiyo na joto inafanya unga mweupe chini. Ule unga ni fomaldehaidi yenyewe imejishika ikawa paraformaldehaidi. Maji yaliyobaki juu yamepungua nguvu, na ukiyachota ukafuata kipimo cha kawaida unapata fomalini hafifu bila kujua. Chupa ikishafanya unga mwingi, usiipashe juu ya jiko. Mvuke wake unachoma macho na mapafu, na fomaldehaidi imo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Itoe kwenye matumizi. Mwaka unaofuata, Mei ikifika, hamishia chupa chumba chenye joto.

Upande wa pili ni tishu iliyoungua. Hesabu tufanye pamoja. Kinyama kimetolewa Ijumaa saa tisa alasiri, maabara inafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi: saa 65. Kimepona, kwa shida. Sasa weka Pasaka. Kimetolewa Alhamisi saa kumi jioni, watu wanarudi Jumanne saa mbili asubuhi: saa 112. Kwa vipokezi vya estrojeni huenda bado ukasoma kitu. Kwa DNA umeshaingia hasara, na kwa RNA zaidi. Siku moja kabla ya sikukuu ndefu mimi napiga simu wilayani nikiwaomba biopsi zisizo za dharura zisubiri. Ikishindikana, tishu iliyokwisha kukaa siku nzima kwenye fomalini na iliyopasuliwa vizuri inaweza kuhamishiwa kwenye alikoholi ya asilimia 70 isubiri humo, mradi maabara itakayopima iwe imekubali njia hiyo na iandikwe kwenye fomu.

Saratani ikiwa imehamia kwenye mfupa, mshuku wa kwanza ni asidi ya kulainishia mfupa. Asidi kali inamaliza DNA. Omba EDTA, kemikali ya kulainisha mfupa taratibu, japokuwa inachukua siku nyingi, au tafuta kinyama cha mahali pengine pasipo mfupa. Maji ya njano ya Bouin, dawa nyingine ya kuhifadhia nyama, nayo yasiguse kinyama cha titi kinachokwenda kwenye vinasaba.

Bloku ikiwa ndiyo hiyohiyo na mgonjwa hawezi kuchomwa tena, anayechomoa DNA anaweza kujaribu kuiweka kwenye kimeng'enya cha kuyeyusha protini usiku kucha, kisha nyuzi 90 kwa saa moja ili madaraja yaachie. Kipimo nacho kichaguliwe kinachosoma vipande vifupi. DNA ya kwenye nta mara nyingi haina kipande kirefu cha kukupa, hata ile iliyoiva vizuri.

Dalili: mabadiliko ya jeni yamezidi, na mengi ni ya aina moja

Hapa karatasi imerudi na majibu, tena mengi, na ndipo watu wanapopumzika mapema. Fomalini, hasa kwenye bloku ya zamani au iliyoungua, inaivua sitosini, ile herufi C ya DNA, kichwa chake ikageuka kuwa urasili. Mashine inaisoma kama T. Kwa hiyo unaona C imekuwa T, na kwa uzi wa upande wa pili G imekuwa A, hapa na pale, kwa kiwango cha chini cha asilimia chache. DNA ikiwa kidogo mwanzoni, molekuli moja iliyoharibika inazalishwa hadi inaonekana kama ukoo mzima.

Mtego wake kwa titi uko kwenye PIK3CA. Mabadiliko mawili maarufu ya jeni hiyo, E542K na E545K, yote ni G kwenda A. Yaani yanafanana na kovu la fomalini. Ukiyaona kwa asilimia 2 kwenye bloku iliyokaa Pasaka nzima kwenye kopo, usikimbilie kumwambia mgonjwa. Rudia kuchomoa DNA kwenye kipande kingine cha bloku. Kovu la fomalini huangukia mahali tofauti kila mara, saratani inabaki palepale. Kabla ya kurudia, DNA ipitishwe kwenye kimeng'enya kinachoondoa urasili; hakisafishi kila kitu, kwa kuwa sitosini zenye methili hugeuka moja kwa moja kuwa T, lakini kinapunguza takataka nyingi. Na mwanapatholojia azungushie kalamu sehemu yenye saratani nyingi kwenye slaidi, ikwanguliwe hiyo tu. Dawa inayolenga PIK3CA, alpelisib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Kuipata huku kwetu ni habari nyingine, ila hiyo si sababu ya kuandika jibu la kubahatisha.

Kwa HER2 inayopimwa kwa nukta za kung'aa, tishu mbichi hutoa viini vilivyopasuka kama vivuli, na iliyoungua haitoi nukta kabisa mpaka uongeze muda wa pepsini, kimeng'enya cha kuyeyusha protini. Ongeza kidogokidogo. Ukitumia kikasha cha titi cha GeneXpert, kile kinachopima mRNA za ESR1, PGR, ERBB2 na MKi67 kwenye mashine ileile tunayopimia TB, tazama kwanza jeni ya udhibiti, CYFIP1. Ikichelewa kutokea au isipotokea, RNA imekufa kwenye kopo.

Na kama swali ni badiliko la kurithi la jeni ya BRCA1 au BRCA2, kwa nini mnahangaika na nta? Chukua damu, chupa ya kizibo cha zambarau.

Kuhusu saa

Nimeacha jambo hili mwisho ingawa ndilo linalonipotezea muda kuliko yote. Fomu nyingi zinanifikia zimeandikwa "3:00". Saa tatu asubuhi ya Kiswahili, au saa tisa alasiri kwa saa ya kizungu? Tofauti yake ni saa 6, yaani kima cha chini chote cha kuiva kwa kinyama. Nimewahi kukikubali kinyama kwa kuamini kimekaa saa 8, kumbe mbili. Siku hizi nimewaomba wote waandike saa kwa tarakimu nne, 0900 au 1500, mara mbili: imetoka mwilini, imeingia kwenye fomalini. Dada mmoja wa chumba cha upasuaji anaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta, anaibandika ubavuni mwa kopo. Kifuniko hubadilishwa, ubavu haubadilishwi.

Kwa yule mama wa bahasha, nilirudi kabatini. Wiki saba kabla ya kutolewa titi alichomwa sindano, na vile vinyama vinne vyembamba vilikuwa na plasta ya aina hiyo: 0940, 0945. Viliingia mashine ya kuchakata kesho yake asubuhi. Tukakata bloku hiyo, tukatuma upya. Safari hii karatasi ilirudi na badiliko moja tu, PIK3CA H1047R, kwa kiwango cha juu. Hilo ni A kwenda G, na fomalini haina mazoea ya kuliandika.